Barua ya wazi: saratani ya ini ikirudi baada ya upasuaji, mgonjwa aende wapi?

Kwa: Waziri wa Afya, Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, wakurugenzi wa hospitali za taifa, za kanda na za rufaa za mikoa.

YAH: UANGALIZI WA WAGONJWA WALIOKATWA UVIMBE WA SARATANI YA INI

Waheshimiwa,

Hapa Tanzania mgonjwa wa saratani ya ini anayefikia meza ya upasuaji ni mmoja kati ya wachache. Wengi hufika hospitali uvimbe umeshajaa upande mzima wa tumbo, macho ya manjano, maji yamejaa, na hakuna cha kukata. Utafiti uliokusanya wagonjwa wa nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba ukiitoa Misri, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili na nusu tangu wagundulike. Wengi wao walikuwa watu wa umri wa kufanya kazi na kulea watoto.

Kwa hiyo yule mmoja aliyewahi, akakatwa uvimbe na kupona kidonda, taifa limeshamgharamia sana: saa nyingi za chumba cha upasuaji, chupa za damu, kitanda cha uangalizi maalumu. Barua hii inahusu kinachofuata siku anaporuhusiwa. Mara nyingi barua yake ya ruhusa inasema arudi baada ya wiki mbili kutolewa nyuzi. Haisemi lini apigwe picha ya ini, picha ya namna gani, anywe dawa gani, wala nani atalipa.

Saratani ya ini inayoanzia kwenye ini lenyewe hurudi. Ndani ya miaka 5 baada ya upasuaji hurudi kwa wagonjwa wanaofikia 70 katika kila 100, hata katika hospitali bora kabisa duniani. Si kosa la daktari aliyekata, na mgonjwa na ndugu zake wanastahili kuambiwa hivyo mapema, kabla ya upasuaji, ili siku ikirudi wasidhani wamelogwa au wamedanganywa.

Hurudi kwa njia mbili, na kila njia ina dawa yake. Inayorudi ndani ya miaka 2 ya kwanza mara nyingi ni mbegu za uvimbe ule ule, zilizokuwa zimeshapenya kwenye mishipa midogo ya damu kabla ya kisu kufika. Inayorudi baada ya miaka 2 mara nyingi ni saratani mpya kabisa, iliyozaliwa kwenye ini lililobaki, kwa sababu kilicholiharibu ini hilo bado kipo: kirusi cha homa ya ini B au C, pombe, makovu ya miaka mingi. Ya kwanza tunaiwahi kwa picha. Ya pili tunaipunguza kwa kutibu ini lenyewe.

Tuanze na kipande kilichokatwa, maana hapo ndipo taarifa ya kwanza hupotea. Ripoti ya patholojia, yaani uchunguzi wa kipande hicho kwa darubini, ndiyo inayotuambia nani yuko kwenye hatari kubwa: uvimbe ulikuwa na sentimita ngapi, ulikuwa mmoja au zaidi, kuna vijivimbe pembeni, saratani imeingia kwenye mishipa midogo, ukingo uliokatwa uko umbali wa milimita ngapi kutoka kwenye uvimbe, na ini lililobaki lina makovu kiasi gani. Ripoti yenye mstari mmoja tu, kwamba ni saratani ya ini, haimsaidii anayepanga kliniki. Lakini mtaalamu wa patholojia hawezi kuandika asichokiona. Kipande cha ini kikitumbukizwa kizima kwenye kopo dogo lenye fomalini kidogo, nje hukakamaa na katikati huoza. Inatakiwa fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake mara 10 ya kipande, na kipande chenyewe kipasuliwe mapande ya unene wa takriban sentimita 1 ili dawa iingie, baada ya daktari kuweka alama kwenye ukingo aliokata. Sampuli zichukuliwe zaidi pale uvimbe unapokutana na ini, kwani mishipa iliyoingiliwa huonekana hapo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko na lita chache za fomalini si vitu vya kukosekana katika hospitali inayokata ini.

Sasa picha. Tunaomba kila mgonjwa aliyekatwa uvimbe apigwe picha ya CT ya kwanza kati ya wiki ya 4 na ya 8, ili tuwe na picha ya kulinganishia, kisha kila miezi 3 mpaka miaka 2 iishe, halafu kila miezi 6. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani kila miezi 3, tunaona bora CT kila miezi 6 na altrasaundi katikati yake, kuliko kumwacha mgonjwa mwaka mzima bila chochote. Kifua nacho kipigwe, kwa sababu nje ya ini saratani hii hupenda kwenda kwenye mapafu kabla ya kwingine.

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu fedha nyingi hupotea kwenye jambo ambalo halihitaji mashine mpya. Ini la kawaida hupata karibu robo tatu ya damu yake kupitia mshipa wa porta, unaoleta damu kutoka kwenye utumbo, lakini uvimbe wa saratani ya ini hunywa damu ya ateri. Ndiyo maana, dawa ya rangi ikiingia mwilini, uvimbe hung'aa mapema kuliko ini, kisha hufifia wakati ini linang'aa. Anayepiga picha mara moja tu, sekunde ya 70, anaweza kuukosa kabisa uvimbe wa sentimita moja na nusu, maana wakati huo rangi yake na ya ini hukaribiana. Picha sahihi hupigwa mara tatu baada ya dawa kuingia: karibu sekunde ya 35, karibu sekunde ya 70, na karibu dakika ya 3. Dawa iwe mililita 1.5 hadi 2 kwa kila kilo ya mgonjwa, yaani mililita 90 hadi 120 kwa mtu wa kilo 60, isukumwe kwa mashine kwa kasi ya mililita 3 hadi 5 kwa sekunde. Kasi hiyo haiwezekani kwa kanula ya bluu kwenye mgongo wa kiganja. Inahitaji kanula ya kijani au ya pinki kwenye kiwiko. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ipimwe kabla.

Fomu ikiandikwa "CT tumbo" peke yake, mgonjwa atapigwa picha ya tumbo, atalipa, na jibu litakuja kwamba ini liko sawa. Tunaomba fomu za hospitali zote ziwe na kisanduku cha kuweka tiki kinachosema "CT ya ini, awamu tatu", na bima ikitambue kipimo hicho kwa jina lake. Mgonjwa pia apewe picha zote kwenye CD au zihifadhiwe kwenye mfumo. Karatasi moja nyeusi yenye vipicha 20 haimwezeshi daktari wa hospitali nyingine kupima kama doa limekua kwa milimita 4. Hili linawahusu hata wanaorudi kutoka India baada ya upasuaji. Hurudi na muhtasari mzuri, kisha hakuna kliniki inayojua kwamba sasa ni wagonjwa wake.

Kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo uvimbe wa ini mara nyingi huitoa, kiende pamoja na picha, kwa tahadhari tatu. Kipimwe kabla ya upasuaji, kwa sababu uvimbe mwingi hautoi AFP, na kama kabla ya kukatwa ilikuwa ya kawaida, kubaki kawaida baadaye hakutuambii kitu. Kama ilikuwa juu, inapaswa kushuka hadi kawaida ndani ya miezi kama miwili baada ya kukatwa. Isiposhuka, au ikishuka kisha ianze kupanda, mgonjwa atafutwe kwa simu, asisubiri tarehe yake. Tahadhari ya pili ni vizio vya kupimia: maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine huandika yuniti za kimataifa, na yuniti 1 ni sawa na nanogramu kama 1.2. Mgonjwa akihama maabara anaweza kuonekana amepanda au ameshuka bila kupanda wala kushuka. Ya tatu, ujauzito hupandisha AFP, na wagonjwa wetu wengi bado ni vijana.

Tunakuja kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu lina faida kubwa kuliko mengine yote kwa shilingi inayotumika: dawa ya kufubaza kirusi cha homa ya ini B. Kila mgonjwa wa saratani ya ini mwenye kirusi hiki anastahili dawa hiyo, bila kujali wingi wa kirusi kwenye damu, na aendelee nayo maisha yake yote. Hupunguza uwezekano wa saratani kurudi, hasa ile ya baada ya miaka 2, na hulinda ini lisiishiwe nguvu. Ini likiwa hoi, hata uvimbe mdogo hautibiki. Dawa ni tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, au entecavir miligramu 0.5 kwa siku, inayomezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tenofovir ipo nchini kwa wingi, ndani ya kidonge cha mchanganyiko kinachotolewa bure kwenye kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo, kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwenye homa ya ini B peke yake hahusiki na CTC, kwa hiyo huandikiwa tenofovir akanunue duka la dawa, mwezi huu ipo, mwezi ujao haipo. Kukatizwa huku ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Dawa ikisimama, kirusi huweza kuamka kwa nguvu, ini likavimba na kushindwa kazi ndani ya wiki chache, na mtu akafariki kwa kukosa vidonge huku saratani yenyewe ikiwa imetulia. Hatari hiyo huzidi kama wakati huo anapewa dawa za saratani. Tunaiomba Bohari ya Dawa iagize tenofovir ya peke yake kwa hesabu ya wagonjwa wa homa ya ini, na wizara iruhusu itolewe kwa miezi 3 kwa mkupuo kwenye kliniki za magonjwa ya ndani. Kabla ya kuanza, mgonjwa apimwe VVU, maana tenofovir peke yake kwa mwenye VVU hujenga usugu. Kreatinini ipimwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, na figo zikianza kuchoka kipimo cha dawa kirekebishwe au abadilishiwe, asinyimwe. Mwenye kirusi C hutibiwa kwa sofosbuvir miligramu 400 na daclatasvir miligramu 60 kila siku, kwa kawaida wiki 12.

Siku hiyo hiyo ya kliniki, mwenza, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe homa ya ini B. Chanjo ya watoto ilianza nchini mwaka 2002, hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo kwa kawaida hakuipata utotoni. Asiye na kirusi achanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Na mgonjwa aambiwe habari ya mahindi na karanga zenye ukungu kwa maneno ya kueleweka. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ndiyo hiyo hiyo inayoshirikiana na kirusi B kuleta saratani ya ini.

Ikigundulika kwamba saratani imerudi, swali la kwanza liwe ini lililobaki lina nguvu kiasi gani. Ukubwa wa uvimbe ufuate. Vipimo vitatu vya damu, yaani bilirubini (rangi ya manjano), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na INR (kasi ya damu kuganda), pamoja na kumwangalia kama ana maji tumboni na kama amechanganyikiwa, vinatosha kumpanga daraja A, B au C la Child-Pugh, A likiwa la ini lenye nguvu na C la ini lililochoka. Wa daraja A mwenye uvimbe mmoja, asiye na dalili za presha ya mshipa wa porta, anaweza kukatwa tena. Baadhi wangefaa kupandikizwa ini, kwa kigezo kinachotumika tangu 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi mitatu ambayo kila mmoja hauzidi sentimita 3.

Kwa uvimbe mdogo ipo njia isiyohitaji kisu: kuuchoma kwa joto kupitia sindano, kwa mawimbi ya redio au maikrowevu. Hufanya kazi vizuri hadi sentimita 3, na inabidi kuchoma pia ukingo wa ini wa nusu sentimita hadi sentimita 1 kuzunguka uvimbe. Kando ya mshipa mkubwa wa damu huweza kushindwa, kwa sababu damu inayopita huupoza uvimbe na kuacha seli hai. Sindano zake ni za kutumia mara moja na ni za bei. Mashine ikinunuliwa bila bajeti ya sindano, itakaa.

Lakini kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 tunayo alkoholi, na tunashangaa imesahaulika. Ni alkoholi safi ya asilimia 95 au zaidi, iliyotakaswa kwa matumizi ya sindano, inayochomwa ndani ya uvimbe kwa sindano ndefu nyembamba ya geji 20 hadi 22 huku daktari akiangalia altrasaundi. Ujazo hukokotolewa kwa kuchukua nusu ya kipenyo cha uvimbe, kuongeza nusu sentimita, kisha kutafuta ujazo wa tufe la ukubwa huo. Uvimbe wa sentimita 2 huhitaji jumla ya mililita kama 14. Hazitolewi kwa mkupuo: ni mililita 2 hadi 10 kwa siku moja, mara moja au mbili kwa wiki, mpaka zitimie. Dawa isukumwe taratibu, na sindano iachwe ndani kama dakika moja kabla ya kuchomolewa, la sivyo alkoholi hurudi juu na kumwagikia kwenye utando wa tumbo, na maumivu yake ni makali. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ziwe zaidi ya 50,000 kwa mikrolita, INR chini ya 1.5, na tumbo lisiwe limejaa maji. Juu ya sentimita 3 isitegemewe, kwa sababu uvimbe huwa na kuta ndani ambazo alkoholi haizivuki. Hospitali ya rufaa ya mkoa yenye altrasaundi nzuri na daktari aliyefundishwa inaweza kufanya kazi hii, ila mgonjwa afike na doa la sentimita 2. Akifika na la sentimita 8 hatuna cha kumfanyia kwa sindano, na tarehe ya CT iliyoandikwa au isiyoandikwa kwenye barua ya ruhusa ndiyo huamua atafika na lipi.

Uvimbe ukiwa mwingi lakini bado umo ndani ya ini, na ini bado lina nguvu, zipo huduma za kupitisha mrija kwenye ateri hadi kwenye uvimbe, kumwaga dawa ya doxorubicin iliyochanganywa na mafuta ya lipiodol, kisha kuziba. Mbegu ya utaalamu huu imeshapandwa: mafunzo ya tiba radiolojia, yaani kutibu kwa mrija au sindano inayoongozwa na picha, yalianza Muhimbili mwaka 2018, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha afya cha MUHAS kikafungua shahada yake ya uzamili. Wahitimu wanahitaji mirija, waya na lipiodol mahali walipopangiwa kazi. Huduma hii isifanywe kwa mwenye manjano au ambaye mshipa wake wa porta umeziba, kwa sababu ini litakosa damu pande zote mbili. Homa, maumivu na kichefuchefu kwa siku chache baadaye ni kawaida, na wauguzi wa wadi wajulishwe hivyo.

Kuhusu dawa, tunasema wazi ili fedha zisielekezwe pasipo faida. Kumpa mgonjwa aliyekatwa dawa ya saratani ili isirudi, wakati haijarudi, bado hakujathibitika kusaidia. Sorafenib ilijaribiwa hivyo na matokeo ya 2015 yakaonyesha haizuii. Atezolizumab na bevacizumab zilileta matumaini mwaka 2023, kisha ufuatiliaji wa muda mrefu zaidi ukaonyesha faida ile haidumu. Dawa hizi zina nafasi saratani ikisharudi na kuenea. Sorafenib ni miligramu 400 mara mbili kwa siku, na wengi huanzishwa nusu yake. Lenvatinib ni miligramu 12 kwa siku kwa mwenye kilo 60 na kuendelea, 8 kwa aliye chini ya hapo. Presha ipimwe kila wiki mwanzoni, na viganja na nyayo zipakwe krimu ya urea kabla hazijapasuka, kwani wengi huacha dawa kwa sababu ya miguu. Anayepangiwa bevacizumab achunguzwe kwanza kwa kamera ya tumbo. Mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula ikipasuka, atatapika damu hadi kufa.

Na kwa yule ambaye ini limechoka, maumivu yatibiwe kweli. Mofini ya maji ianze kidogo, miligramu 2.5 kila baada ya saa 6 hadi 8, pamoja na lactulose ili asifunge choo, maana choo kikifunga kwa mgonjwa wa ini akili huvurugika. Paracetamol isizidi gramu 2 kwa siku. Diclofenac na ibuprofen asipewe kabisa: huumiza figo na kumwaga damu tumboni. Mionzi nayo husaidia maumivu ya ini, na kipimo kimoja tu cha Gy (gray) 8, kwa siku moja, kimethibitishwa kwenye utafiti uliochapishwa 2024: wagonjwa 67 katika 100 walipata nafuu baada ya mwezi, dhidi ya 22 waliopewa huduma ya kawaida peke yake. Mashine za mionzi tunazo. Uganda tangu 2004 imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kuandika mofini, na tunaomba wizara itoe ruhusa kama hiyo, maana mgonjwa wa ini huishia kijijini, na kijijini hakuna daktari.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunaomba katika vitita vyake kiwemo kitita kimoja cha mgonjwa aliyekatwa uvimbe wa ini, kikidumu miaka 5: CT za awamu tatu kwa ratiba tuliyoitaja, AFP na vipimo vya ini na figo kila ziara, dawa ya kirusi bila kukatika, na tiba ya uvimbe mdogo ukirudi, kwa kibali kinachotoka ndani ya wiki 2. Kila hospitali inayokata ini iwe na daftari moja lenye namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu yake, na muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu tarehe ikipita. Na barua ya ruhusa ibebe mistari mitano zaidi: majibu ya patholojia, AFP ya kabla na ya baada, hali ya homa ya ini B na C, jina la dawa ya kirusi, na tarehe ya CT inayofuata.

Mistari hiyo mitano inaweza kuanza kuandikwa Jumatatu ijayo, bila bajeti.

Wenu katika utumishi,

Madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa radiolojia tunaohudumia wagonjwa wa ini